Namna ya Kuchimba Handaki la Kukinga Kiwanja cha Mteremkoni

Maji yanayoteremka kutoka Mlima Meru wakati wa masika hayabishi hodi. Nina nusu ekari upande wa Ngaramtoni, na kwa misimu miwili mfululizo niliamka asubuhi nikakuta mahindi yamelala chali, samadi niliyoimwaga kwa jasho imehamia kwa jirani wa chini, na ukuta wa jiko la nje umepakwa tope hadi usawa wa dirisha. Mwaka wa tatu niliamua kuchimba handaki. La kwanza lilinishinda kabla ya Aprili kwisha. La pili linafanya kazi mpaka leo. Maelezo haya yametokana na tofauti iliyopo kati ya hayo mawili, nami nayaandika kwa ajili ya yeyote mwenye kiwanja au shamba mteremkoni, awe upande wetu wa Arusha au kule Moshi kwenye miteremko ya Kilimanjaro.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu mwenye kazi na kibarua wasipoelewana juu ya neno, watachimba vitu viwili tofauti. Mfereji huleta maji pale yanapotakiwa, kama ilivyo mifongo ya Wachaga inayoteremsha maji kutoka msituni hadi kwenye vihamba, yaani mashamba yao ya nyumbani. Mtaro huondoa maji yasiyotakiwa, kama ile inayopita kando ya barabara. Handaki huchimbwa ili kuzuia: humzuia anayekuja, awe adui, mnyama au mafuriko, asikifikie kile unachokilinda. Neno hili limetufikia kupitia Kiarabu, khandaq, nalo Waarabu walilipata kwa Waajemi, ambao kwao mzizi wake una maana ya kuchimba. Waingereza walipita njia nyingine, kwani neno lao moat lilitokana na motte ya Kifaransa cha kale, ambayo ni kilima cha udongo. Yaani huku mashariki watu walilipa jina shimo, na kule magharibi wakalipa jina tuta, ilhali wote walikuwa wakiitazama kazi ileile moja. Mimi nililifahamu hilo baada ya kupata hasara: anayechimba shimo tu bila kufikiria tuta, ameifanya nusu ya kazi.

Mjue kwanza unayemzuia

Kabla ya kununua sururu, simama kwenye kona ya juu ya kiwanja chako, mvua ikiwa inanyesha kama unaweza kuvumilia, uangalie maji yanaingilia wapi. Watu wengi hudhani handaki ni lazima lizunguke eneo lote kama mkanda kiunoni, na picha za ngome za Ulaya ndizo zilizotujaza fikra hiyo. Handaki mashuhuri kuliko yote katika historia ya Uislamu halikuzunguka kitu. Mwaka wa 5 Hijria, sawa na 627 Miladia, Makuraishi na washirika wao walipokuwa wanaujia mji wa Madina, Salman al-Farsi, aliyekuwa Mwajemi, ndiye aliyetoa shauri la kuchimba. Pande nyingine za mji zilikuwa na miamba ya volkano, mitende na nyumba zilizobanana ambazo farasi wasingeweza kuzipita kwa kasi. Upande wa kaskazini tu ndio uliokuwa wazi, na huko ndiko walikochimba. Mapokeo yanataja washambuliaji wapatao 10,000 dhidi ya Waislamu wapatao 3,000, na wapanda farasi wale walifika ukingoni, wakasimama, na baada ya mazingiwa ya wiki kadhaa wakarudi walikotoka.

Kiwanja changu kina mzunguko wa karibu mita 190. Upande mmoja kuna korongo la asili, upande wa pili jirani amejenga ukuta wa mawe, na upande wa chini maji yanatoka badala ya kuingia. Uliobaki wazi ni upande wa juu, wenye mita 60. Mita hizo 60 ndizo nilizolazimika kuchimba, na hesabu hiyo peke yake iliniokolea zaidi ya theluthi mbili za gharama.

Kama unayemzuia ni mnyama, hesabu hubadilika. Wanaolima karibu na msitu, magharibi mwa Kilimanjaro au pembezoni mwa hifadhi, humzungumzia tembo, na ni kweli kwamba tembo hawezi kuruka, kwa hiyo handaki lenye kina cha mita 2 hivi na upana unaokaribia huo humsimamisha. Hata hivyo tembo ana subira na ana akili: huupiga ukingo kwa miguu mpaka udongo uporomoke ndani, kisha hupita kama aliyejengewa daraja, na mvua humsaidia kazi hiyo. Handaki la tembo bila watu wa kulikarabati kila mwezi ni hasara tupu. Kuhusu mbuzi sitasema mengi. Mbuzi atashuka, atakula majani ya ukingoni, na atapanda upande wa pili, mzungushie michongoma.

Kavu au la maji?

Ngome ya Bodiam huko Uingereza, ambayo ujenzi wake uliidhinishwa mwaka 1385, imekaa katikati ya maji kama kisiwa, na wengi hudhani maji yale yaliwekwa ili adui azame. Faida yake kubwa ilikuwa nyingine. Mbinu iliyowatisha wenye ngome ilikuwa ile ya adui kuchimba njia ya chini kwa chini mpaka kwenye msingi wa ukuta ili auangushe, na pale penye maji njia kama hiyo hujaa kabla haijafika. Tena magogo ya kubomolea na minara ya magurudumu haikuweza kusukumwa hadi ukutani. Pale Angkor Wat nchini Kambodia handaki la maji lina upana wa karibu mita 190, na husaidia kuyaweka maji ya ardhini katika kiwango kimoja ili mchanga ulio chini ya hekalu usititie. Hayo yote ni kweli na yanavutia, lakini hayatuhusu. Mahandaki mengi ya dunia yalikuwa makavu, likiwemo lile la Sungbo's Eredo kusini magharibi mwa Nigeria, lenye urefu wa kilometa zipatazo 160 na ambalo mahali pengine kuta zake hufikia mita 20 kutoka chini hadi juu ya tuta, lililochimbwa na watu wenye zana za mkono.

Kwa mahitaji ya nyumbani, chimba handaki kavu, yaani lile linalopokea maji wakati wa mvua na kuyaacha yaende zake. Mbu huhitaji takriban wiki moja hadi mbili kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo handaki linalobaki na maji kwa muda huo limekuletea adui mwingine ambaye hukumtarajia. Na mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji yasiyofika magotini. Vilevile kaa mbali na msingi wa nyumba. Mimi sikubali kuchimba ndani ya mita 3, kwa sababu udongo unaoloa kando ya msingi hulegea, na nyufa huanza ukutani pasipo mtu kujua chanzo chake.

Kupima mteremko

Hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza, kwa hiyo nitakaa kidogo. Nilinyoosha kamba ya manila kutoka kona hadi kona, nikafunga jicho moja kama fundi mzee, nikasema hapa pamelala sawa. Vibarua wakachimba kwa siku tano. Mvua ya kwanza iliponyesha, maji yalikusanyika katikati ambapo, kumbe, palikuwa pamebonyea, yakapanda, yakalivunja tuta, na kutoka hapo yakachimba korongo lao wenyewe kupita katikati ya migomba. Asubuhi yake alikuja mzee mmoja wa Kiarusha anayeishi juu yangu, akasimama na fimbo yake akilitazama shimo kwa muda mrefu. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akaniuliza: "Mwanangu, maji umeyakamata. Sasa unayapeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Handaki la mvua ni lazima liwe na mteremko mdogo kuelekea kwenye mdomo wa kutolea maji, na mteremko unaofaa kwa udongo wetu ni kushuka sentimita 50 kwa kila mita 100. Ukizidisha sana, maji hupata kasi na kula sakafu ya handaki. Ukipunguza sana, tope hutuama na handaki hujaa. Kipimo hicho hakionekani kwa jicho, hata jicho likiwa moja.

Kifaa cha kupimia unaweza kukitengeneza mwenyewe. Chukua fito mbili zilizonyooka, kila moja ya mita 2 na ziada kidogo, uzifunge juu na kuzitanua chini mpaka nafasi kati ya miguu iwe mita 2 kamili, kisha upigilie ufito wa tatu katikati kuwa mshikizo. Kutoka kileleni ning'iniza uzi wenye jiwe zito kiasi. Simamisha kifaa juu ya vigingi viwili, weka alama pale uzi unapogusa mshikizo, kisha kigeuze ili miguu ibadilishane vigingi na uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Sasa funga kipande cha mbao chenye unene wa sentimita 1 chini ya mguu mmoja, na mguu huo ndio utakaotangulia daima kuelekea kwenye mdomo. Kila uzi ukitulia kwenye alama ya katikati, ujue ardhi imeshuka sentimita 1 ndani ya mita 2, ambacho ndicho kipimo chetu. Piga kigingi, sogeza kifaa ili mguu wa nyuma ukae pale ulipokuwa wa mbele, na uendelee. Kwa mita zangu 60 nilipiga hatua 30, na mstari uliotokea ulikuwa umepinda mahali pawili kama nyoka aliyeshiba. Usiunyooshe. Vigingi vinakuonyesha juu ya ardhi tu, kwa hiyo kina kibaki kilekile mstari mzima ili sakafu nayo ishuke kwa kiasi hicho.

Kuchimba na kujenga tuta

Mwezi mzuri ni Januari. Mvua za vuli zimepita, udongo bado una unyevu kiasi cha kukubali jembe, na una majuma kadhaa ya kuotesha majani kabla ya masika kuanza Machi. Vipimo ninavyovipendekeza ni upana wa mita 1.5 juu, nusu mita chini, na kina cha mita 1. Ukikokotoa utaona kwamba kila mita ya urefu inatoa mita 1 ya ujazo ya udongo, jambo linalorahisisha mapatano na vibarua kwa sababu kulipa kwa mita kunakuwa sawasawa na kulipa kwa kazi. Kuta zilale, zisisimame wima. Udongo wa majivu ya volkano unaonekana mgumu unapokatwa ukiwa mkavu, lakini ukiloa huporomoka kama unga. Ukilazimika kwenda chini zaidi ya kifua cha mtu, asichimbe mtu peke yake, na kuta zilazwe zaidi.

Udongo unakwenda wapi? Maafisa kilimo wana misemo miwili, fanya juu na fanya chini, ambayo imekuwa maarufu kiasi kwamba hata vitabu vya kilimo vya lugha za kigeni huiandika hivyohivyo kwa Kiswahili. Katika fanya juu, iliyoenea kutokea Machakos nchini Kenya, mkulima huchimba mtaro wa sentimita 60 hivi na kuurusha udongo upande wa mlimani, na kwa miaka michache ardhi hujijenga yenyewe kuwa matuta bapa. Hiyo ni njia nzuri ya kuhifadhi shamba ndani yake. Kwa handaki la kinga lililo mpakani, tumia fanya chini: rusha udongo chini, upande wa kile unachokilinda, ili maji yakishalijaza shimo yakutane na tuta. Wajenzi wa ngome kwa kawaida walifanya hivyo: aliyefika ukingoni alitakiwa kushuka shimo na kupanda tuta kwa mkupuo mmoja.

Udongo mweusi wa juu utengwe kando. Acha njia ya sentimita 60 kati ya ukingo wa shimo na mguu wa tuta ili uzito wa tuta usiuvunje ukingo, kisha mwaga udongo kwa tabaka za sentimita 20, ukishindilia kila tabaka kabla ya kuongeza nyingine. Sehemu hii vibarua huiruka kama humwangalii, kwa kuwa tuta lililomwagwa tu na lililoshindiliwa yanafanana kabisa mpaka siku ya mvua. Mwisho udongo mweusi uutandaze juu na kupanda. Nyasi za vetiva ndizo imara zaidi, mizizi yake hushuka mita 3 na zaidi. Mimi nilichanganya na mabingobingo kwa sababu nina ng'ombe mmoja na sioni haya kulilisha shamba na ng'ombe kwa kazi moja. Kwa upande wa Moshi kuna tahadhari ya ziada: majani ya masale yaliyopandwa mpakani ni alama ya mpaka inayoheshimiwa, na kuyang'oa ili kupisha handaki ni kutafuta ugomvi ambao mahakama haitaumaliza. Chimba ndani ya mstari wa masale.

Mdomo

Swali la mzee yule linajibiwa hapa. Maji yatoke kwenye korongo la asili au mtaro uliopo, kamwe yasielekezwe kwa jirani, na kabla ya kuchimba zungumza na jirani huyo pamoja na mtendaji wa kijiji au wa mtaa, ukiulizia pia mabomba ya maji yaliyopita ardhini. Kama kuna mto karibu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwake. Pale maji yanapodondokea panga mawe makubwa, ambayo kwetu ni kama zawadi ya mlima, mengine madogo yakijaza mapengo, kwa kuwa mahali hapo ndipo korongo jipya huzaliwa na kuanza kulirudia handaki kinyumenyume.

Pa kuvukia

Kila handaki lina mahali ambapo mwenyewe anapita, na adui hupaona. Ngome zilikuwa na madaraja ya kunyanyuliwa kwa minyororo. Wachaga waliochimba mapango ya kujificha, ambayo hadi leo hutembelewa Marangu, waliacha mlango mwembamba wa kupita mtu mmoja mmoja akiwa ameinama. Mimi kwa uvivu nililaza bomba jembamba ndani ya handaki la pili nikalifunika kwa udongo ili toroli lipite. Mvua ya kwanza ikaleta mabua ya mahindi, bomba likaziba, na maji yakapita juu ya njia yangu kana kwamba hakuna kilichochimbwa. Nililitoa. Sasa nina magogo manne ya mkaratusi yaliyofungwa pamoja, upana wa mita 1.2, yanayolala juu ya kingo na kuliacha shimo wazi chini yake, na wakati wa kusafisha tunayanyanyua watu wawili.

Mahandaki yasiyo na udongo

Lugha haikuliacha neno hili shambani. Kwenye taarifa za vita mahandaki ni maficho ya askari, na wasomaji wa habari za michezo wanajua timu inapojichimbia kambini au kileleni mwa msimamo wa ligi. Huko Hamburg mwaka 1907 Carl Hagenbeck alifungua bustani ya wanyama ambamo simba walitengwa na watazamaji kwa handaki lililofichwa badala ya nondo, na tangu hapo bustani nyingi zimemwiga. Wafanyabiashara nao wamelichukua: Mmarekani Warren Buffett alilifanya kuwa maarufu katika uwekezaji, akilitumia kwa kile kinachoizuia kampuni isinyang'anywe wateja na wapinzani. Ukitaka kulitumia neno katika maana hiyo kwa biashara yako, iwe kibanda Soko la Kilombero hapa Arusha au kiwanda, tumia maswali yaleyale ya mita 60: upande gani uko wazi, tuta lako ni lipi, na wewe mwenyewe unapitia wapi. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipoungana katika chama chao cha ushirika, KNCU, mwaka 1933 ili wauze kwa pamoja, walikuwa wanauziba upande uliokuwa wazi, ule wa mkulima mmoja mmoja kukutana na mnunuzi akiwa peke yake. Bei nzuri ya leo si handaki. Jirani ataishusha ya kwake kesho asubuhi.

Usafi

Baada ya kila mvua kubwa pita na beleshi. Nimepigilia vijiti vitatu ndani ya handaki, kila kimoja kikiwa na alama ya rangi sentimita 20 kutoka sakafuni, na tope likifika kwenye alama ninalizoa siku hiyohiyo bila kusubiri msimu uishe. Panya buku wakichimba tutani, ziba mashimo na ushindilie, kwa sababu maji huanzia kwenye tundu la ukubwa wa ngumi. Tope lenyewe lina rutuba, maana ni udongo wa juu wa mashamba yote yaliyo juu yako, na mimi hulimwaga kwenye migomba. Yule mzee aliponiona msimu uliopita nikiipakia toroli ya tatu, aliteremka taratibu, akachukua konzi moja, akaivunjavunja kiganjani, akasema huo ni wake. Tulikubaliana toroli moja kwangu, moja kwake, na kumpandishia mlimani ni juu yangu.